Binti kapata mimba yupo nyumbani: mwongozo kamili kuanzia siku ya mwanzo mpaka arobaini na kurudi skuli

Meseji iliingia saa nne usiku nshazima taa, "mamdogo umelala? siku zangu hazijaja". Basi. Hakuna salamu wala nini. Mtoto wa dada yangu, kidato cha pili, yupo Pemba na mimi nipo Unguja. Nlimpigia hapo hapo hakupokea mana mama yake alikuwa chumba cha pili, tukaandikiana mpaka saa saba usiku. Mimi si daktari wala nesi, ni mtu mzima wa familia alobebeshwa siri akalazimika kuuliza kila pahala, wakunga, wanasheria, hata ustadhi mmoja, na haya hapa ndo yale ambayo ningetaka mtu anipe usiku ule yote kwa pamoja.

Nnawaandikia watu wawili, binti mwenyewe na yule mkubwa mmoja alomwambia. Na mapema kabisa nnasema, kinachotuharibia sisi ni kuificha miezi ya mwanzo. Mtoto anavaa baibui lake, anajifunga kanga, skuli anakwenda kama kawaida, tumbo linakuja kujulikana mwezi wa sita au wa saba, na ile miezi ilopita ndo ilokuwa ya kupimwa damu, kuanza vidonge na kuijua presha yake ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linasema akina mama wa miaka 10 mpaka 19 wako kwenye hatari zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kuzaa kuliko wale wa miaka 20 mpaka 24. Kwa hiyo aloanza mapema kliniki ana nafasi, aloficha anacheza bahati nasibu.

Hatua ya 1: Jua kama ni mimba kweli, na ya lini

Kabla ya yote, kama tendo limetokea ndani ya siku tano na siku zako bado hazijapita, hujachelewa. Kuna vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, unavipata kituo cha afya au duka la dawa, na kila saa inavyopita nguvu yake inapungua kwa hiyo usingoje kesho. Na kama ulilazimishwa, usikoge, usifue nguo, nenda hospitali hivyo hivyo na nguo utie kwenye mfuko wa karatasi. Kuna dawa za kuzuia VVU zinazotakiwa zianze ndani ya saa 72, zikipita hizo hazitolewi tena.

Siku zikishapita, nunua kipimo cha mkojo, kile kijiti, duka lolote la dawa wanacho na bei yake ni ndogo. Kama unaona haya kununua mtaani kwenu panda daladala nenda Chake au Wete ambako hujulikani, au mtume mkubwa wako. Mkojo uwe wa asubuhi wa mwanzo kabla hujanywa maji. Soma ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakti, si baada ya saa nzima, mana kikikauka kinaweza kuonesha mstari wa uongo. Mistari miwili ni mimba hata kama wa pili umefifia. Mstari mmoja na siku bado hazijaja, rudia baada ya wiki.

Ukiona mistari miwili halafu una maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au damu inatoka, hiyo inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Haingojewi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa hesabu. Kliniki hawahesabu kuanzia siku ya tendo, wanahesabu kuanzia siku ya mwanzo ya hedhi ya mwisho. Chukua tarehe hiyo, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, hapo ndo tarehe ya matarajio. Mfano hedhi ilianza 10 Januari, matarajio ni 17 Oktoba. Tabu ni kwamba mabinti wengi hawaandiki. Wetu alisema hakumbuki kabisa kabisa, nikakaa nikafikiri, nikamuuliza Ramadhani ulianza kula lini, mana mwenye hedhi hafungi, analipa baadae? Akajibu palepale, tarehe 22 ya mfungo, anadaiwa siku sita na zote kaziandika nyuma ya daftari la dini. Na baada ya Idi hakuona tena. Tukachukua kalenda ya ukutani tukaipata tarehe. Kwa hiyo akina mama, msichana wa kwetu asiyejua tarehe ya hedhi muulize deni la saumu. Ikishindikana kabisa, altrasaundi ya mapema, kabla ya wiki 24, inakadiria vizuri, ukichelewa makadirio yanapotea.

Hatua ya 2: Mwambie mtu mmoja

Mmoja tu, lakini mtu mzima. Shoga yako wa darasani hatoshi, atalia na wewe halafu basi. Tazama shangazi, mamdogo, somo wako alokufunda, bibi, mwalimu wa kike, au yule dada wa afya wa kujitolea anayepita majumbani na simu yake kuuliza habari za wajawazito na watoto, kila shehia wapo. Kama mdomo hauwezi andika, meseji ya maneno matano inatosha, mimi mwenyewe ndo nlivyoambiwa.

Na wewe mkubwa uloambiwa, neno lako la mwanzo usilifanye "nani?". Nnajua ndo linalokuja. Mimi nliliandika nikalifuta mara mbili. Muulize umekula, unaumwa pahala, yupo mtu anayekutisha. Ya nani yatakuja, tena yatakuja vizuri zaidi akishajua hupigi. Binti anayeulizwa kwa fimbo anataja jina lolote, nshaona kijana wa watu anatajwa kumbe mhusika ni mtu wa ndani ya nyumba.

Mengine mawili. Akisema neno lolote la kutaka kujidhuru usimwache peke yake usiku huo, ondosha dawa na sumu za panya karibu yake, lala naye. Na kama nyumbani kwao hakuna usalama, atapigwa au atafukuzwa, mtafutieni pa kukaa kabla baba hajaambiwa. Namba 116 ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto, inapigwa kwa mtandao wowote, Unguja na Pemba, na binti mwenyewe anaweza kupiga.

Hatua ya 3: Maamuzi, na yanayosemwa vibarazani

Hapa kila mtu ana dawa yake. Jirani atasema kuna mtu anatoa, ana majani, ana vidonge. Sheria zetu haziruhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, kwa hiyo kinachouzwa kichochoroni kinatolewa na mtu asiyekuwa na damu ya kuongeza, hana dawa ya usingizi, na ukianza kutoka damu nyingi hayupo. Sisemi kwa kumhukumu mtu. Ila kama binti ameshakunywa au ameshaingiziwa kitu, na anatoka damu inayolowesha pedi moja kwa saa, ana homa, harufu mbaya au tumbo limekaza, apelekwe hospitali na aseme kweli alitumia nini. Huduma baada ya mimba kuharibika ipo, ni kusafisha kizazi, dawa na damu, na mtoaji huduma kazi yake ni kutibu. Kuficha unachomficha daktari kunamchelewesha yeye kukuokoa wewe.

Jambo la pili ni kumuozesha haraka, ati kufunika aibu. Mimi hapa nna maoni yangu, ndoa haishushi presha wala haipanui nyonga. Mtoto wa miaka 15 aloolewa na mtoto wa miaka 15 asiyeolewa wanakwenda leba na mwili ule ule. Na mara nyingi mume mwenyewe ndo anakuja kuamua kama aende kliniki au asiende. Msifanye uamuzi wa maisha yote ndani ya wiki ambayo nyumba nzima inalia.

Kaeni na binti, muulizeni yeye. Atalea nani, atakaa wapi, atarudi skuli lini, nani atatoa nauli. Andikeni kwenye karatasi. Kwetu sisi karatasi ile ilikuwa mistari minne tu na bibi akaweka kidole gumba ingawa kusaini anajua, alisema ndo inatisha zaidi.

Hatua ya 4: Sheria, sheha na muhali

Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, asiyefika miaka 18 ni mtoto. Alompa mimba mtoto ana kesi ya jinai hata kama binti anasema alikubali mwenyewe. Wa kuripoti ni mzazi, mwalimu, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), jirani, yeyote. Pa kwenda ni dawati la jinsia na watoto la polisi, au moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii unawakuta pamoja ili mtoto asihadithie kisa chake mara kumi kwa watu kumi. Mnazi Mmoja kipo, Chake Chake kipo. Ukianzia polisi watakupa fomu ya PF3 uende nayo hospitali, lakini kama ana maumivu au damu tangulizeni matibabu, fomu itafuata.

Halafu kuna muhali, kule kuoneana haya. Asiyekuwa wa kwetu halijui neno hili uzito wake. Mhusika ni mtoto wa ami, ni mwalimu wa chuo cha Kurani, ni mtu anayetukopesha mchele, utampelekaje polisi, mtaonana wapi siku ya maziko? Wazee wanakaa, inatolewa sulhu, pesa inapita, na binti anaishia kuletewa mkungu wa ndizi. Mimi nakwambia andika kila kitu tangu siku ya mwanzo, tarehe, meseji zisifutwe, nani alikuja kuomba msamaha na alisema nini. Mtoto akizaliwa kuna kipimo cha vinasaba na hapo maneno yanapungua.

Bibi yetu alikuwa na hofu nyengine kabisa, "akionekana kliniki atafungwa". Nikadhani mzee anaweweseka. Kumbe anaikumbuka sheria ya 1985, ilokuwa mwanamke asiyeolewa akishika mimba anaweza kupelekwa jela, na wako walopelekwa. Sheria ile ilibadilishwa 2005 na kifungo cha jela kwa mwanamke kikaondoshwa. Ina miaka mingi hiyo lakini hofu yake bado inatembea majumbani, kwa hiyo kama bibi yako anazuia, muulize anaogopa nini hasa kabla hujasema ana roho mbaya.

Hatua ya 5: Kliniki ya mwanzo

Nenda kabla ya wiki 12. Zikishapita nenda hivyo hivyo, leo ni bora kuliko Jumatatu. Fika asubuhi, na mwende wawili.

Huna haja ya kuwa na mume ili upimwe. Watakuuliza mwenzako yuko wapi kwa sababu wanataka nayeye apimwe, sema hayupo, nimekuja na mamdogo, basi. Sisi mara ya mwanzo kwenye kituo kimoja tulikutana na mfanyakazi alomtazama mtoto juu mpaka chini mbele ya wanawake kama ishirini hivi kwenye mabenchi akasema "na hiki kitoto nacho?". Wallahi mtoto alisimama akatoka, nlimkuta nje kashikilia mti wa muembe analia kandambili iko mguu mmoja. Nlirudi ndani nikaomba kuonana na mkuu wa kituo, bila ya kelele, nikasema mgonjwa wangu ana miaka 16 na nnaomba ahudumiwe faragha. Tulipewa chumba na mkunga mwengine, mama wa makamo, alomwambia tu "kaa mwanangu, pole na safari". Likikupata hilo usiondoke na kadi tupu, omba mkuu wa zamu, na ikishindikana badili kituo, lakini usiiache kliniki kwa ajili ya mdomo wa mtu mmoja.

Mnachotakiwa mtoke nacho siku ile: uzito na urefu, presha, wingi wa damu, gurupu la damu na ile chanya au hasi yake, VVU, kaswende, homa ya ini, mkojo kutazama protini na sukari, sindano ya pepopunda na kadi. Ya pepopunda ya pili inafuata si chini ya wiki 4 baadae. Kama kuna kipimo hakipo siku hiyo uliza kinapatikana wapi na kiandikwe kwenye kadi kwamba bado. Akikojoa damu aseme, huku kwetu kichocho kipo na si kila damu ni ya mimba, wengi wanaogopa bure na wengine wanadharau bure.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mahudhurio 8: wiki ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukitazama utaona mwishoni yanakaribiana, na ndo hapo presha inapopanda, kwa hiyo yale ya mwisho usiyaruke ukasema "mbona mzima tu".

Vidonge vya kuongeza damu na foliki asidi vinamezwa kila siku, mimba nzima. Mabinti wanaviacha kwa sababu vinatia kichefuchefu na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi ni kawaida. Kichefuchefu, meza usiku wakati wa kulala. Na usimeze na chai! Chai inazuia madini yasiingie mwilini, na sisi watu wa chai ya rangi asubuhi na jioni ndo tunajiharibia hapo, acha ipite saa moja au mbili kabla na baada. Meza na maji na chungwa au embe.

Hatua ya 6: Chakula

Hii fupi. Mwili wa binti bado wenyewe unakua na sasa unagawana. Dagaa, samaki, mayai pakipatikana, choroko, kunde, mbaazi, mchicha, kisamvu, boga, matunda ya msimu. Muhogo na chai peke yake hautoshi hata kama umeshiba. Akianza kutamani udongo au mchele mbichi mara nyingi damu imepungua, mpeleke akapimwe, usimnunulie udongo. Alale ndani ya chandarua kila usiku.

Hatua ya 7: Dalili za hatari, na habari ya mashetani

Hapa soma polepole. Kuanzia wiki ya 20 mwanamke anaweza kupata presha ya mimba, na anayezaa mara ya mwanzo, tena mdogo, yuko mbele zaidi. Ikifika 140 kwa 90 au ikipita, si ya kuambiwa nenda kapumzike nyumbani, inataka kutazamwa hospitali. Kabla ya kifafa kuna dalili: kichwa kinauma na panadoli haisaidii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida ya wajawazito, uso kuvimba asubuhi siyo. Kwa binti yetu tuliona kwenye pete. Alikuwa na kipete cha fedha alichopewa na bibi, wiki ya 34 akaamka hakitoki, wala kwa sabuni, na kope zimejaa kama mtu alolia usiku kucha. Tukaenda, presha 150 kwa 100, akalazwa. Kichwa alikuwa kinamuuma tangu juzi, hakusema kwa sababu "kila siku nnawasumbua".

Ikishafika degedege, mtu anaanguka, anakakamaa, anatoa povu, nyumba nyingi za kwetu zinasema kapandwa na shetani na anatafutwa mtu wa kumsomea. Msomeeni, hakuna anayewakatazeni, lakini msomeeni ndani ya gari. Mlazeni ubavu wa kushoto, ondosheni vitu vya karibu vya kumuumiza, msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe kitu chochote, hospitali. Kule kuna sindano ya magneziamu inayozuia degedege lisirudi na kumzalisha ndo tiba yenyewe. Kifafa hiki kinaweza kuja hata baada ya kuzaa, wiki ya mwanzo hasa.

Nyengine za kwenda saa hiyo hiyo bila ya kungoja mume wala baba atoe ruhusa: damu yoyote ukeni, maji kuvunjika, homa, pumzi kubana, mtoto kupunguza kucheza, uchungu kabla ya wiki 37.

Hatua ya 8: Mpango wa kuzaa, na wa Kojani na Kisiwa Panza wasome mara mbili

Binti wa chini ya miaka 18, mimba ya mwanzo, azae hospitali penye chumba cha upasuaji na damu. Si nyumbani, wala kwenye kituo kidogo kisichokuwa na daktari usiku. Nyonga huenda haijamaliza kutanuka, mtoto anakwama, na uchungu wa kukwama wa siku mbili ndo unaoleta fistula, ile mkojo unatoka wenyewe. Inatibika kwa upasuaji lakini bora isije. Kwa Pemba ulizeni mapema kliniki mtapelekwa wapi, kama ni Abdalla Mzee kule Mkoani au hospitali nyengine, kwa Unguja wengi wanakwenda Mnazi Mmoja au Mwembeladu. Msifike wiki ya 39 mnaulizana.

Huduma ya mjamzito hospitali za serikali kwetu ni bure, ila bure hiyo haina nauli ndani yake. Kuanzia mwezi wa tano wekeni kopo, hata elfu moja kwa wiki. Pateni namba za wenye gari wawili, si mmoja, na muwaulize kabisa saa nane usiku utakuja? Mmoja wa madereva wetu alisema nitakuja na siku ya siku simu imezimwa.

Wa visiwa vidogo vya Pemba jambo lenu kubwa ni bahari. Chukua tarehe ya matarajio, itazame na bamvua. Maji yakipwa sana boti haifiki pwani na mgonjwa anabebwa kwenye matope, usiku, na uchungu. Kama wiki zake mbili za mwisho zinaangukia hapo, mhamishieni kwa jamaa Wete au Chake kuanzia wiki ya 37. Na mafuta ya mashine yawepo nyumbani kwa nahodha tayari, si ya kwenda kutafutwa.

Damu, tafuteni watu wawili watatu wazima walio tayari kutoa, wajulikane kwa majina. Mkoba uwe tayari wiki ya 34: kadi, doti tatu za kanga safi, pedi kubwa, sabuni, beseni, nguo na kofia ya mtoto, uji wa unga ndani ya chupa ya chai siku yenyewe, chaja. Uning'inizwe nyuma ya mlango, kila mtu aujue.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Uchungu ukija kila dakika tano, au maji yakivunjika hata bila ya uchungu, ondokeni, na wa mbali waondoke mapema zaidi. Msimpe majani ya kuongeza uchungu. Yanaminya kizazi kwa nguvu ambayo hakuna anayeipima, kizazi kinaweza kupasuka. Uzazi wa mwanzo ni mrefu, saa kumi na mbili na zaidi si ajabu. Aende na mtu atakayemshika mkono, si atakayemwambia "ulipokuwa unafanya hukulia".

Hatua ya 10: Arobaini

Mtoto anyonye ndani ya saa moja, na yale maziwa ya mwanzo ya njano msiyakamue mkayamwaga, hiyo ndo kinga yake. Miezi 6 maziwa tu, hakuna maji, hakuna asali, asali kwa mtoto chini ya mwaka ina hatari ya sumu. Kitovu kikavu, si wanja wala majivu. Mama na mtoto watazamwe ndani ya saa 24, siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Chanjo ya kifua kikuu na ya matone ya polio zinaanza anapozaliwa.

Kukandwa maji moto tumekandwa sote, lakini akishonwa au akipasuliwa muulizeni mkunga kwanza, na tumbo lisikamuliwe kwa nguvu. Damu inayolowesha pedi moja kwa saa, homa, uchafu wenye harufu, ziwa jekundu lenye maumivu, degedege, rudini hospitali hata kama arobaini haijaisha na wazee wanasema hatoki nje. Na mtazameni moyo wake. Kulia siku tatu nne za mwanzo kunapita. Akipitisha wiki mbili hali, halali, hamtazami mtoto, huo ni ugonjwa na una tiba.

Hatua ya 11: Isije nyengine kabla ya wakati, na skuli

Mazungumzo haya msiyaahirishe mpaka wiki ya sita, yaanzeni kliniki tumbo bado lipo. Mimba inaweza kushika kabla hedhi haijarudi. Kijiti cha mkononi kinafaa hata akinyonyesha, kinakaa miaka 3 au 5 kutegemea aina. Kitanzi kinaweza kutiwa ndani ya saa 48 za kuzaa au kuanzia wiki ya nne. Sindano ya miezi mitatu kwa anayenyonyesha ingojee wiki sita. Vile vidonge vya kawaida vya homoni mbili si vya mama anayenyonyesha chini ya miezi sita. Kondomu ndo pekee inayozuia na maradhi. Nafasi ya miaka 2 kabla ya mimba nyengine ndo inayopendekezwa, na ustadhi nlomuuliza hakunipa hotuba ndefu, alinisomea Sura ya Al-Baqara aya ya 233, akina mama wawanyonyeshe watoto wao miaka miwili kamili, akanambia hesabu mwenyewe.

Na hii si ya kumwambia "umeharibika tena unataka kinga". Haja yake ya kinga iko pale pale akiolewa au asipoolewa, hilo ni lake na daktari wake.

Skuli kwetu Zanzibar binti alozaa anaruhusiwa kurudi, tena tulikuwa nayo hiyo kabla Bara hawajaondosha zuio lao Novemba 2021. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mapema, kabla binti hajakaa nje, aandike barua, aweke nakala. Ombeni kuhamishwa skuli kama darasani hapakaliki, si aibu. Masomo ya jioni na mitihani ya kujitegemea yapo pia kwa atakayeshindwa na asubuhi.

Maziwa akamue kabla ya kutoka, kwenye kikombe safi chenye kifuniko kilochochemshwa. Kwa joto letu msiyaache nje zaidi ya masaa manne. Na anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, si chupa, chupa haisafishiki. Bibi yetu, yule wa kidole gumba, alipinga wiki nzima kwamba mtoto mchanga hawezi kunywa kikombeni. Sasa kila siku saa nne asubuhi anakaa barazani na kile kikombe cha kahawa cha marehemu babu, mtoto mapajani, anamnywesha tone tone, na ukipita ukamsalimia anakwambia subiri kwanza nna kazi.